Miguu, mikono, macho: mwongozo kamili wa kumkuza kijana wa safu ya mbele katika NFL

Aprili 2018 timu ya Philadelphia Eagles ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ilitumia chaguo la 233 kwenye drafti, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, kumchukua kijana wa Sydney aitwaye Jordan Mailata. Alikuwa na urefu wa sentimita 203 na kilo 157, na hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani maishani mwake. Alitoka kwenye raga ya wachezaji 13. Misimu miwili ikapita bila yeye kucheza mechi ya ligi. Oktoba 2020 akaanza kwa mara ya kwanza kama tekeli wa kushoto, yaani mtu wa pembeni kwenye safu ya mbele. Septemba 2021 akasaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64, na Februari 2025 akabeba Super Bowl, fainali ya ligi, Eagles wakiwachapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22.

Watu wengi husimulia habari hii kama muujiza. Mimi nimeifuatilia kwa miaka, video baada ya video, na ninachokiona ni ratiba ya kazi iliyofuatwa kwa subira, chini ya kocha Jeff Stoutland aliyejiunga na Eagles mwaka 2013. Ratiba hiyo inaweza kuelezwa. Nimeiandika kwa ajili ya kocha kijana wa Kiswahili popote alipo, na kwa mchezaji anayetaka kujua atadaiwa nini akifika huko. Naamini mpangilio wake ndio siri yenyewe: miguu kwanza, mikono ifuate, macho yaje mwisho. Ukiugeuza utamharibu kijana.

Kwanza tuelewane maneno

Safu ya mbele ya ushambuliaji ni watu watano. Katikati yuko senta, anayeupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Ubavuni mwake wapo gadi wawili, na pembeni tekeli wawili. Wana kazi mbili: kumlinda kwotabeki, yaani mrusha mpira wa timu, anapotaka kurusha, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Wale wanaokuja kumwangusha kwotabeki nitawaita wavamizi. Nyuma ya wavamizi husimama malainbeka, ambao nao huvamia wakati wowote bila kupiga hodi.

Hatua ya 1: Chagua miguu kabla ya kilo

Jason Kelce alijiunga na Chuo Kikuu cha Cincinnati bila ufadhili, akiwa mkimbiaji wa mpira. Alichaguliwa raundi ya sita mwaka 2011 na akawa senta bora wa kizazi chake. Lane Johnson alianza chuo akiwa kwotabeki, akahamishwa nafasi baada ya nafasi, kisha Eagles wakamchukua chaguo la 4 mwaka 2013 kama tekeli. Jason Peters alikuwa mpokeaji wa karibu na safu pale Arkansas, akapita drafti ya 2004 bila kuitwa, halafu Buffalo wakamgeuza tekeli. Wote hawa walikuwa wepesi kabla hawajawa wakubwa. Kilo huongezwa mezani na kwenye vyuma. Nyonga nyepesi, ukizikosa kwa mtu wa miaka 22, ni kazi ngumu mno kuzitengeneza.

Kwa hiyo unapomtazama kijana, mwambie achuchumae mpaka chini kabisa, visigino vikibaki ardhini na kifua kikiwa wima, kama fundi anayefukuta jiko. Akianguka nyuma au visigino vikinyanyuka, vifundo vyake vimekaza, na mtu wa vifundo vilivyokaza husukumwa nyuma kama toroli. Mtazame pia akicheza mpira wa kikapu: anavyojisogeza kando bila kuvuka miguu. Hayo yananiambia mengi kuliko lile zoezi la Indianapolis, kwenye majaribio ya vijana kabla ya drafti, la kuinua kilo 102 mara nyingi uwezavyo ukiwa umelala chali. Safu ya mbele haifanyi kazi ikiwa imelala chali.

Urefu wa mkono una maana pia. Maskauti, yaani wasaka vipaji, hutaka tekeli mwenye mkono wa sentimita 84 hivi au zaidi, kwa sababu pembeni kuna nafasi kubwa na anayemfikia mwenzake kwanza ndiye anayeamua. Mwenye mikono mifupi asikataliwe; aingizwe ndani, awe gadi au senta.

Hatua ya 2: Jenga mwili bila kuuua

Kijana akifika mwembamba, asilishwe kama ng'ombe wa sikukuu. Aongeze uzito kidogo kidogo, na kila mwezi apimwe kama miguu yake bado inakwenda vilevile. Ikipungua kasi, simamisha. Wengi hula mara tano au sita kwa siku, na kula kwenyewe kunakuwa kazi. Joe Thomas, tekeli wa Cleveland Browns aliyecheza michezo 10,363 mfululizo bila kutoka uwanjani (mchezo hapa ni kila mara mpira unapoachiwa, si mechi nzima), alipostaafu alipunguza zaidi ya kilo 20, maana ule mwili ulikuwa vazi la kazi. Mwambie kijana ukweli huo mapema. Mfundishe na namna ya kuuvua mwili ule siku ikifika.

Kwenye vyuma, weka mbele mapaja, makalio, mgongo wa chini na shingo. Mazoezi ya mguu mmoja mmoja yana faida kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mchezaji wa safu anapopambana, uzito karibu wote huwa juu ya mguu mmoja.

Na sasa joto. Tarehe 1 Agosti 2001 Korey Stringer, tekeli wa Minnesota Vikings, alifariki kwa kiharusi cha joto baada ya mazoezi ya kambi. Alikuwa na miaka 27. Watu wakubwa hawapoi haraka, na wengi wao wanaona haya kusema wamechoka. Kwa hiyo usimsubiri aseme. Beseni la maji ya barafu liwe tayari kando ya uwanja, uzito upimwe kabla na baada ya kila zoezi, na mwenye kuchanganyikiwa, kuyumba au kutapika apozwe palepale kabla hajapakiwa kwenye gari. Hakuna mbinu ndani ya mwongozo huu inayolingana na maisha ya kijana mmoja.

Hatua ya 3: Miguu

Hapa ndipo mwaka wa kwanza wote uende. Mwaka mzima, hata kama mkubwa wa timu anauliza kila wiki kijana amefika wapi.

Anza na kusimama. Miguu ipite upana wa mabega kidogo, mguu wa nje urudi nyuma kiasi cha vidole vyake kuwa sawa na katikati ya unyayo wa mwenzake, magoti yakunjwe, makalio yashuke, mgongo uwe bapa. Uzito ukae upande wa ndani wa nyayo. Kosa la kila mgeni ni kukunja kiuno badala ya magoti. Ukimwona kichwa kimetangulia vidole vya miguu, ujue atavutwa aanguke kifudifudi.

Kisha hatua ya kurudi. Mvamizi wa pembeni anataka kumzunguka tekeli, na tekeli anapaswa kurudi nyuma akiwa bado anamtazama. Mguu wa nje unapiga hatua fupi kwenda nyuma, wa ndani unaburuzwa kuufuata, na umbali kati ya miguu haubadiliki. Nyayo zipae chini sana, kama mtu anayetembea gizani ndani ya chumba asichokijua. Visigino visigongane kamwe. Miguu ikikutana, hata mtoto anaweza kumwangusha.

Zipo namna tatu za kutoka, na azijue zote: kurudi nyuma moja kwa moja dhidi ya mvamizi mwenye kasi aliyesimama mbali; kutoka kwa mshazari wa digrii 45 hivi dhidi ya aliye karibu; na kumrukia mapema pale kwotabeki anapotaka kurusha haraka. Ufundi ni kuzibadilisha. Tekeli anayetoka kwa namna ileile kila mara anasomwa kufikia robo ya pili ya mechi.

Mazoezi yafanywe bila mikono. Mkono mmoja ushike mwenzake nyuma ya mgongo, halafu mtu asimame mbele yake na kwenda kushoto, kulia, kushoto, naye abaki mbele yake kama kioo. Sekunde tatu, pumzika, rudia. Kwa nini tatu? Kwa sababu mirusho mingi huwa imekwisha kufikia hapo. Mikono ikifungwa, kijana hana cha kufichia uvivu wa miguu.

Jambo la kulinda kuliko yote ni njia ya ndani. Umbali mfupi zaidi kumfikia kwotabeki unapita ndani, kwa hiyo mwili wa tekeli ukae nusu mtu upande wa ndani wa mvamizi. Kijana akitishwa na kasi ya nje hufungua nyonga mapema, kama mtu anayefungua lango, na mvamizi anapita ndani bila kuguswa. Akipitwa nje bado ana dawa: amsindikize kwa kumsukuma, wapite wote nyuma ya kwotabeki. Akipitwa ndani hana dawa.

Neno kwa vijana wa raga, maana NFL ilileta kambi yake ya Afrika Nairobi mwaka 2023, na Mkenya Daniel Adongo alikwishatangulia kutoka raga hadi Indianapolis Colts mwaka 2013, ingawa yeye alicheza ulinzi. Raga inakupa pumzi, ujasiri wa kugongana na miguu inayojua kubadilisha njia. Lakini raga inakataza kumzuia asiye na mpira, na kumzuia asiye na mpira ndiyo kazi yote ya safu ya mbele. Tena raga imekuzoesha kwenda mbele, na hapa utatakiwa kupigana ukirudi nyuma. Mailata ilibidi ajifunze hilo kutoka sifuri.

Hatua ya 4: Mikono na nanga

Mikono ni mbinu ya kuchelewa kwa makusudi. Viwiko vikae karibu na mbavu, vidole gumba vitazame juu, viganja vilenge kifua cha mvamizi ndani ya upana wa mabega. Ukishika nje ya mwili wake na akageuka, mwamuzi ataona, na adhabu ya kushika ni yadi 10.

Zamani walifundisha kupiga viganja vyote viwili kwa mpigo. Wavamizi wa leo wamejifunza kuisubiri mikono hiyo na kuifyeka, na tekeli anaanguka mbele. Fundisha kila mkono ufanye kazi yake: mmoja unatisha, mwingine unapiga; mmoja ukifyekwa, wa pili bado upo. Baadhi ya wachezaji hufanya mazoezi na walimu wa ndondi na sanaa za mapigano kwa ajili hiyo hasa. Mvamizi akinyoosha mkono mmoja mrefu kukusukuma, usisukumane nao. Ukamate kifundoni, uvute chini, umwache aanguke kwa uzito wake.

Mkono upige baada ya mguu kutua. Mguu ukiwa hewani, pigo halina mzizi.

Halafu kutia nanga. Mvamizi anapokuja moja kwa moja akitaka kukusukuma hadi mapajani mwa kwotabeki, utarudi hatua moja au mbili, hilo halizuiliki. Swali ni kama utasimama. Shusha makalio chini ya makalio yake, kaza mgongo, ruka kidogo nyuma utue kwa miguu yote miwili, kisha inua mikono kutoka chini kwenda juu ili umtoe kwenye mizizi yake. Aliye chini ndiye mwenye nguvu. Hapa ndipo yale majaribio ya kuchuchumaa yanapolipa.

Kichwa kibaki nje ya ugomvi. Tangu 2022 NFL inawataka watu wa safu wavae kofia laini juu ya helmeti kambini, na ni hatua njema, lakini haimfundishi mtu kutogonga kwa paji la uso. Hilo ni jukumu la kocha. Kila ukiona kichwa kimefika kabla ya mikono, simamisha zoezi.

Hatua ya 5: Kufungua njia

Hapa nitapita haraka, kwa sababu vijana wengi huliweza hili mapema. Kwenda mbele na kusukuma ni jambo la asili kwa mtu mkubwa. Hatua ya kwanza iwe fupi na ya pili itue kabla hamjagongana. Mnapombeba mvamizi mmoja watu wawili, nyonga zenu zigusane asipite katikati, na macho yenu yote yawe kwa lainbeka aliye nyuma: akija upande wako wewe ndiye unayeachia na kumfuata. Kijana hukosea kwa kuachia mapema. Afadhali achelewe, maana mvamizi aliyeachwa yuko karibu na mpira kuliko lainbeka. Na akumbuke kwamba mpira ukirushwa mbele yeye asiwe amevuka zaidi ya yadi 1, kwa hiyo kwenye michezo ambayo kwotabeki ana hiari ya kukimbiza au kurusha asipande ovyo.

Hatua ya 6: Macho

Mwaka wa pili mkalishe mbele ya video. Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Kabla ya mpira kuachiwa, senta humtaja lainbeka mmoja kuwa wa katikati, na wengine wote huhesabu kutoka kwake nani ni wa nani. Kijana aseme kwa sauti, video ikiwa imesimamishwa: nani wangu, nani anaweza kuja, nikisaidiwa nitasaidiwa upande gani. Asipoweza kusema ndani ya sekunde nne, hataweza uwanjani.

Kazi ya pili ni wavamizi wanaopishana njia: wa nje anaingia ndani, wa ndani anazunguka nje. Dalili ni mvamizi anayekuja kwa ulegevu, au anayemgonga gadi badala ya kutafuta njia. Tekeli na gadi wawe kwenye kimo kimoja ili wabadilishane bila kugongana, na kila mmoja asimwache wake mpaka amkabidhi kwa mwenzake mkononi. Hii haifunzwi na mtu mmoja. Wafanye pamoja, watu walewale, mara mamia.

Kazi ya tatu ni daftari. Kila mvamizi atakayekutana naye aandikiwe ukurasa: anasimamaje, uzito wake uko wapi akitaka kukimbia na wapi akitaka kusukuma, anatumia nini jaribio la tatu (kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) likiwa la yadi nyingi. Baada ya kila mechi kijana ajipe alama mwenyewe, mchezo kwa mchezo, kabla hajaona alama za kocha. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo somo la wiki.

Uwanja wa ugenini una kelele kiasi kwamba sauti ya kwotabeki haisikiki. Hapo gadi hutazama nyuma, akiona ishara humgusa senta, senta anatikisa kichwa, na mpira unaachiwa baada ya pigo lililokubaliwa. Tekeli hutazama mpira kwa pembe ya jicho. Akitangulia ni adhabu ya yadi 5. Akichelewa, mvamizi ameshapita. Fanyeni zoezi hili na muziki mkubwa kila wiki.

Hatua ya 7: Iba muda, maana hautoshi

Tatizo kubwa la kocha wa leo ni siku. Programu ya kabla ya kambi ni wiki tisa, bila mgongano wa kweli. Msimu wenyewe wa mechi 17 unaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa pedi za kinga ya mwili. Ufundi wa kugongana unafundishwa kwa siku za kuhesabu vidole, kwa hiyo usipoteze hata moja.

Kijana asiyeanza mechi hutumiwa kuigiza timu pinzani ili wenzake wafanye mazoezi. Wengi huchukulia nafasi hiyo kama adhabu. Wewe igeuze darasa: kila siku mpe jambo moja la kulifanyia kazi dhidi ya wavamizi bora wa timu yako, kwa mfano leo mkono wa ndani tu, kesho kutia nanga. Baada ya zoezi, dakika 15 za miguu bila pedi. Hizo dakika 15 kwa misimu miwili ni utajiri.

Hatua ya 8: Mpe nafasi moja

Hapa timu na kijana wanavutana. Siku ya mechi timu inaweza kuvalisha wachezaji 48, mradi wanane wawe wa safu ya mbele. Watano wanaanza, watatu wanabaki, na watatu hao wanatakiwa wazibe nafasi zote tano. Kwa hiyo kocha anashawishika kumzungusha kijana: Jumatano kulia, Alhamisi kushoto, Ijumaa gadi.

Napinga hilo kwa mwaka wa kwanza. Kuhama kutoka kushoto kwenda kulia ni kama kumwambia mtu aandike kwa mkono mwingine. Mguu wa kuongoza, nyonga na mkono wa kupiga vyote vinageuka. Mwache upande mmoja mpaka miguu iwe inakumbuka bila kuulizwa. Kisha mwongezee nafasi ya jirani, upande uleule. Kuvuka upande kuje mwisho. Timu ikikosa mtu wa akiba, isajili mkongwe wa bei nafuu kwa mwaka mmoja. Ni gharama ndogo kuliko kumpoteza kijana.

Hatua ya 9: Mechi ya kwanza

Mara nyingi haiji kwa mpango. Mailata alianza kwa sababu wengine waliumia. Siku hiyo kocha wa ushambuliaji ana wajibu wa kumfichia kijana: amweke mkimbiaji amgonge mvamizi njiani kabla hajatoka, aelekeze ulinzi wa safu upande wake, aite mirusho ya haraka robo ya kwanza, na aanze na michezo ya kukimbia ili mikono yake ipate kugusa mtu kabla ya kurudi nyuma.

Atapitwa. Akitoka nje usimwonyeshe picha kumi. Muulize swali moja: mguu wako wa ndani ulikuwa wapi? Akilijibu sawasawa, mwache anywe maji.

Msimu wa 2021 Mailata aligombea nafasi ya tekeli wa kushoto na Andre Dillard, chaguo la 22 la mwaka 2019, kijana aliyekuwa amecheza nafasi hiyo chuoni. Mailata akaishika. Ukipata video za kambi ile, usitazame mpira. Tazama viatu vyake: vinapaa chini, havigusani, na mguu wa ndani unatua kabla mkono haujaondoka.